Nilivyodhibiti vigeu katika fankisheni ya Bash inayojiita yenyewe

Nilikabidhiwa skripti ya Bash (sheli, yaani programu inayopokea na kutekeleza amri) iliyopita katika saraka pamoja na saraka zote zilizomo ndani yake, ikijumlisha ukubwa wa mafaili. Kazi hiyo ilifanywa na fankisheni moja (kundi la amri lenye jina), `tembea`, iliyojiita upya kila ilipokuta saraka ndogo. Saraka isiyo na nyingine ndani yake ilitoa jumla sahihi, lakini zile zenye matawi zilitoa hesabu pungufu na majina yasiyo yake.

Nilianza kwa kuchapisha kigeu `kitu`, yaani jina linalobeba thamani ya kila kinachopitiwa, kabla na baada ya mwito wa ndani:

```
for kitu in "$1"/*; do
  if [ -d "$kitu" ]; then
    echo "kabla: $kitu"
    tembea "$kitu"
    echo "baada: $kitu"
  fi
done
```

Kabla ya mwito, `kitu` kilikuwa `picha/zamani`. Baada yake kikawa `picha/zamani/z.jpg`, yaani faili la mwisho lililopitiwa huko ndani. Katika Bash, kigeu ni mali ya skripti nzima mpaka kitangazwe vinginevyo, kwa hiyo miito yote ilikuwa ikiandika juu ya kigeu kimoja. Hitilafu hii hujificha vizuri, kwa sababu orodha ya `for` hupanuliwa mara moja tu kabla ya mzunguko wa kwanza, na hivyo mzunguko unaofuata huchukua kitu sahihi kana kwamba hakuna lililoharibika. Kitanzi cha `while` chenye kihesabu kingevurugika waziwazi. `$1`, yaani hoja ya kwanza iliyopewa fankisheni, ilikuwa salama, maana fankisheni ikimaliza, sheli humrejeshea aliyeiita hoja zake.

Niliweka `local kitu jumla=0` kwenye mstari wa kwanza wa `tembea`, ili kila mwito uwe na vigeu vyake. Majina yakanyooka, ila jumla bado ikapotoka. Chanzo kilikuwa fankisheni saidizi, `pima`, iliyotumia jina `jumla` kwa hesabu zake za muda. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote: upeo wa kigeu katika Bash hufuata mlolongo wa miito, si mahali fankisheni ilipoandikwa, kwa hiyo `pima` ilikiona na kukibadilisha kigeu cha `tembea` iliyoiita, ingawa kilikuwa kimetangazwa kwa `local`. Tangazo hilo humlinda aliye juu dhidi yako. Halikulindi wewe dhidi ya unayemwita. Nikatangaza `jumla` ndani ya `pima` pia.

Ili kupandisha jibu juu, kila mwito humalizia kwa `matokeo=$jumla`, na anayeita huongeza papo hapo `jumla=$((jumla + matokeo))`. Kutumia `$(tembea "$kitu")` kungetenga vigeu vyote, lakini Bash ingefungua sheli ndogo (mchakato mwingine wenye nakala yake ya vigeu) kwa kila saraka, na katika mti mkubwa gharama hiyo huonekana. Hata hivyo, njia hiyo ya sheli ndogo ninaiona inafaa pale skripti inapopaswa kufuata POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, ambayo haikuweka `local` katika kanuni zake: mwili wa fankisheni huzungushiwa mabano ya duara badala ya yale ya mawimbi, na jibu hutolewa kwa `echo`.