Mguu wa Pili

Mchezo ule wa ndondo, yaani soka la mtaani, niliuchezesha karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye kiwanja cha kijiji kilichopakana na mashamba ya chai. Ilikuwa Machi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Refa wa Rungwe huziangalia nyasi kabla ya kuwaangalia wachezaji: kwenye uwanja mkavu beki akijirusha chini, ardhi inamshika, kwenye majani yaliyolowa anateleza mpaka akutane na mwili wa mwenzake.

Watazamaji wa kule wanaujua mpira. Wazee waliokaa kwenye mabenchi ya mbele waliiona Tukuyu Stars ikichukua ubingwa wa Bara mwaka 1986, na kila kipyenga chako wanakijadili kwa sauti.

Kipindi cha kwanza, winga wa wageni na beki wa wenyeji walikimbilia mpira bega kwa bega. Beki alikuwa mzito zaidi, winga akala nyasi. Wageni wakadai faulo, nikawaashiria waendelee. Mpira ulikuwa hatua moja mbele yao, kila mmoja angeweza kuucheza, na kiwiko cha beki hakikutoka mwilini. Uzito si rafu.

Kipindi cha pili winga yuleyule akampita beki yuleyule kando ya mstari, mbele kabisa ya wazee. Beki akajirusha kutoka ubavuni. Mguu wa kulia uligusa mpira, tena vizuri, ukatoka nje. Lakini nyuma yake ulikuja wa kushoto, goti limenyooka, njumu zimeelekea mbele, juu ya kifundo. Ukatua kwenye ugoko wa kijana kwa kasi yote ile.

Mshika kibendera akaonyesha mpira wa kurusha. Yeye alikuwa ameufuata mpira kwa macho; mimi nilibaki na miguu. “Kachukua mpira huyo!” uwanja mzima ukapiga kelele. Nikapuliza, nikatoa kadi nyekundu.

Kauli hiyo ya “kachukua mpira” siipendi hata kidogo. Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo, haimsamehe mtu kwa kuwa ameuwahi mpira. Inamtaka refa apime jinsi alivyoingia: akikosa umakini, ni faulo tu, akipuuza hatari anayomletea mwenzake, njano, akitumia nguvu kupita kiasi na kuhatarisha usalama wa mtu, nje. Na kwenye ndondo mguu anaochezea kijana ndio anaoendea shambani kesho yake.

Mchezo ulipokwisha mzee mmoja alinifuata.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Lakini leo umetuonea. Mpira si aliupata?”

“Aliupata, baba. Na ugoko wa yule kijana aliupata pia.”

“Mvua hiyo. Nyasi ndizo zilizompeleka.”

“Mvua ameiona tangu asubuhi. Ndiyo maana alitakiwa aingie taratibu.”

Akatikisa kichwa. Hakukubali, na sidhani kama alikuja kukubali baadaye. Tukaagana kwa heshima.

Aliyenishangaza ni beki mwenyewe. Alikwenda kwanza kumpa pole winga, ambaye kwa bahati alikuwa anatembea, ingawa kwa kuchechemea. Kisha akaja kwangu na mpira mkononi.

“Refa, pale ningefanyaje?”

Tukarudi mstarini. Nikamwonyesha namna ya kuukunja mguu wa nyuma chini ya paja, kushusha ule wa mbele usawa wa nyasi na kuanza kuteleza akiwa karibu na mpira, maana anayejirusha kutoka mbali hana tena uwezo wa kujizuia. Alijaribu mara ya kwanza, goti likanyooka tena. Mara ya pili mpira ukatoka na mguu wa kushoto ukabaki chini yake.

“Na nikiona nimechelewa?”

“Ukichelewa usilale. Mkimbize tu.”

“Ataingia na mpira, refa.”

“Basi aingie. Kipa si yupo?”

Akacheka, akauweka mpira chini, akajaribu tena.