Kalamu tatu, mguu mmoja wa kitanda

Saa 12:30 asubuhi. Kabla sijaligusa kerezo, mashine inayozungusha mti nikiuchonga, nanoa. Bobari, patasi yenye makali yaliyopinda, inapita kwenye jiwe la mota mara mbili tatu, kidogo tu, kisha najaribu makali kwenye ukucha: yakiteleza bado, yakinasa tayari. Wanaokuja kujifunza kwangu hawaipendi saa hii, wanataka kuona mti ukizunguka. Lakini mkerezaji huisoma kazi yake sakafuni. Chuma kikali hutoa maranda marefu kama utepe, chuma butu hutoa vumbi. Na vumbi la mvule, ambao ndio mti wa leo, linawasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa inavaliwa mapema.

Saa 1:15. Nafungua mfuko niliokuwa nauogopa wiki nzima. Ndani yake umo mguu wa kitanda cha mvule. Mwenye kitanda, mzee mmoja, amefariki. Kitanda kilivunjika wakati wa kuhamisha vitu vyake. Binti yake anataka kalamu tatu, moja yake na mbili za kaka zake. Nimeupitishia sumaku kutafuta misumari, nikaipata miwili. Ukiondoa hapo, na ukiondoa tundu la bolti, mguu unatoa vijiti vinne vyenye upana wa sentimita 2 na urefu wa 12 na ushee. Kila kijiti kalamu moja. Yaani nina kimoja tu cha kukosea.

Kila kijiti hukatwa katikati, kwa sababu kalamu ya kuzungusha, ile inayotoa ncha ya wino ukiizungusha, ina vipande viwili. Kabla ya msumeno nachora mstari wa penseli wa mshazari ubavuni, ili baadaye nusu hizo zitazamane kama zilivyokuwa mtini. Ukisahau, nyuzi za mti zinapishana katikati ya kalamu kama shati lililofungwa vifungo kombo.

Saa 2. Kutoboa, biti ya milimita 7. Na hapa ndipo nilipokitumia kile cha kukosea.

Mvule una tabia ya kuficha jiwe. Ni chokaa iliyoganda ndani ya mti ungali hai, ngumu hasa, na kwa nje huioni. Kijiti cha pili, biti ilipofika katikati ikalia, harufu ya kuungua ikapanda, na kabla sijaivuta nje nikasikia tak! Ufa kutoka juu mpaka chini. Nilipokipasua kijiti chote nikalikuta jiwe lenyewe, jeupe, kama punje ya chumvi iliyojibanza kwenye nyuzi. Nilizima mashine nikaenda kusimama nje kidogo.

Vijiti viwili vilivyobaki nilivitoboa kwa kuvuta biti nje kila nusu sentimita, naifuta, naiacha ipoe, naendelea. Kazi ya robo saa ikala saa nzima.

Saa 3:30. Vijibomba vya shaba, vinavyokaa ndani ya kila kipande cha kalamu, navikwaruza kwa msasa ili gundi ishike, naviingiza kwenye matundu kwa epoksi. Gundi ya haraka ni nzuri mpaka siku itakapoganda kijibomba kikiwa nusu ndani nusu nje. Navilaza pembeni.

Saa 4:15. Wakati gundi inakauka, bakuli. Pande la mwembe lililokatwa juzi, bichi, zito, kipenyo sentimita 25. Mti mbichi ni starehe kuukereza: hauna vumbi, maranda yanaruka yamelowa na maji yanakupiga kwenye ngao ya uso. Ila kwanza naligeuza pande kwa mkono mzunguko mzima nione haligusi popote, nasimama pembeni yake, nawasha taratibu. Kwa ukubwa huu sizidishi mizunguko 600 kwa dakika mpaka likae mviringo. Mgongo wa bobari unagusa mti kwanza, makali yanafuata. Ukitanguliza makali, chuma kinanasa na bakuli linakupiga somo usilolisahau.

Ukuta wake nauacha mnene, sentimita mbili na nusu, moja ya kumi ya kipenyo. Mti ukikauka husinyaa zaidi kwa kufuata duara za umri wake kuliko kwa kutoka kiini kwenda ganda, kwa hiyo bakuli litakuwa yai. Unene huo ndio utakaonipa nafasi ya kulirudisha kwenye mviringo miezi ijayo. Napaka nta kwenye ncha za nyuzi, nalizika kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake.

Saa 7. Nakula. Nafagia.

Saa 8. Kalamu sasa. Vipande vinavishwa kwenye ufito wa chuma, kila ncha na pete yake inayonionyesha unene wa kuishia. Mizunguko 2,500. Pembe nne zinapotea kwa dakika moja, halafu dakika ishirini zinakwenda kwenye nusu milimita ya mwisho. Msasa namba 150 hadi 600, na kila namba nasimamisha mashine nipitishe kwa urefu wa mti, la sivyo mikwaruzo ya duara inabaki. Wengi humalizia kwa gundi ya haraka, tabaka juu ya tabaka, mpaka kalamu ing'ae kama kioo. Hudumu, sikatai. Kwangu ni kuuzika mti ndani ya plastiki. Hizi nimezipaka mafuta na nta.

Saa 10. Kuunganisha, kwenye jiliwa, kibanio cha mezani, lenye vibao laini. Chuma cha kuzungushia kikizama milimita moja zaidi, ncha ya wino haitarudi ndani tena. Nasukuma kidogo, napima, nasukuma. Zote tatu zimekubali.

Saa 11:20. Binti amefika. Akaishika ya kwanza, akaigeuza, uso ukabadilika.

“Fundi, hii si mbao yetu. Kitanda cha baba kilikuwa cheusi.”

Kalamu ni za manjano, za dhahabu hivi. Nikamletea kile kijiti kilichopasuka. Upande mmoja bado una ngozi ya kitanda, kahawia iliyokolea, na chini yake, unene wa ukucha tu, manjano ileile. Mvule ukikaa kwenye mwanga unakolea, nikamwambia, hizi nazo zitafika huko. Akalikwaruza ganda kwa kidole kwa muda.

“Hiki nacho naomba.”

Nikamfungia pamoja na kalamu.

Saa 12:15 jioni. Kabla ya kufunga napima mabakuli ya zamani yanayokauka. Lile la kona ya juu: gramu 846. Wiki iliyopita 851. Bado.