Si laana, jamani

Babu alikunywa gongo mpaka ini likamuua. Baba mdogo naye pombe ilimtoa kazini. Mdogo wangu aliangukia kwenye unga wa heroini, sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo. Juzi msibani mama mmoja wa ukoo akasema mbele ya watu kwamba damu yetu ina laana. Niliumia sana.

Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya mtu kuwa mlevi hutokana na vinasaba. Hakuna kinasaba kimoja cha ulevi. Ni vingi mno, kila kimoja kinachangia kidogo, na vingine vinakinga. Wajapani na Wachina wengi wana aina ya kinasaba ALDH2 inayofanya mwili ushindwe kusafisha sumu ya pombe haraka. Wakinywa kidogo tu uso unawaka na moyo unaenda mbio, hivyo wengi wao hawafiki kwenye ulevi.

Pombe na heroini zinakutana humo humo kwenye ubongo. Pombe huufanya ubongo utoe kemikali zake za raha, nazo hushika vipokezi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) vile vile vinavyoshikwa na heroini. Ndiyo maana dawa ya naltreksoni, inayoziba vipokezi hivyo, hutumika kwa magonjwa yote mawili. Babu na mjukuu wake walikuwa na udhaifu wa aina moja, naamini hivyo.

Nusu nyingine ni maisha: msongo, marafiki, kijiwe, umri wa kuanza. Mwanangu yuko kidato cha pili. Likizo hii nitamweleza yote, pamoja na habari za babu yangu.