Mshona kofia nilivyoandika juu ya majahazi

Kundi letu tunaandikiana kwa simu. Yumo nahodha, yumo mkunga, yumo mwalimu wa chekechea, na mimi mshona kofia wa Langoni, Lamu. Hakuna anayelipwa. Sharti ni moja tu: andika juu ya chochote, mradi unakipenda. Mkunga huandika juu ya mpira wa miguu, nahodha juu ya nyuki, na ninawasoma wote kwa hamu kuliko magazeti.

Mimi nilitaka majahazi. Lakini jambo hilo ukilishika lote halishikiki. Ukianza na pepo za kaskazi na kusi, utafika Uarabuni na Bara Hindi kabla hujagusa ubao. Nikachagua swali moja: maji huzuiwaje yasiingie chomboni?

Nikaenda Matondoni, ambako vyombo bado huundwa ufukweni. Fundi mmoja mzee aliponiona na daftari akaniita, "Ndoo, mwanangu, kaa hapa uone." Nikakaa mpaka alasiri. Alikuwa akitia kalafati. Anasokota pamba iliyolowa mafuta iwe uzi mnene, anaishindilia baina ya mbao kwa patasi butu, anagonga. Mwanzo mlio ni mzito. Pamba ikishakaza, mlio unakuwa mkali, na mkono wake unasogea mbele hata kama anazungumza na mtu mwingine. Sehemu ya chini, inayokaa majini, hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, kwa sababu baharini kuna mdudu atoboaye mbao. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, jua lisizipasue mbao. Harufu yake niliiandika pia. Msomaji wa Nakuru ataijulia wapi?

Kuandika kwenyewe nilianza kwa mdomo. Nilimsimulia mke wangu usiku, na kila aliposema "hapo sijakuelewa" nikajua ndipo panapohitaji sentensi nyingine. Asubuhi niliandika maneno yale yale niliyomwambia. Naamini hii ndiyo njia bora kwa mtu asiyesomea uandishi, kwa kuwa mbele ya mke wako huwezi kujifanya mwanachuoni.

Pia nilitenga mambo matatu: niliyoyaona, niliyoambiwa, na niliyoyasoma. Habari za mtepe, kwa mfano, chombo cha kale cha visiwa vyetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, sikuziona kwa fundi yeyote. Nilizisoma, nikasema hivyo waziwazi.

Kabla ya kuituma makala nilirudi kumsomea fundi. Alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Watie na hili, mwanangu: chombo kikikaa sana nchi kavu, mbao hukauka, viungo vikaachana. Kalafati haishi." Nikaliweka kama alivyolisema.

Nahodha ndiye aliyejibu wa kwanza, kwa ujumbe mrefu wa sauti, akieleza jinsi anavyojua usiku, kwa kuhisi mwendo wa chombo tu, kwamba maji yameanza kuingia. Nikamwambia alilolisema ni makala kamili, aliandike. Amekwisha kuanza. Mimi sasa nimeshika tanga, na nimeanza na swali la jinsi linavyokatwa.