Hii mosi imenichanganya wiki nzima

Kwanza mosi sio ya "moja" hapa, naongelea sfagnamu, ile mimea laini kama sponji inayoota kwenye majimaji yenye asidi, ikifa haiozi sana, inajipanga tabaka juu ya tabaka mpaka inakuwa peti, yaani rundo zito la mimea iliyokufa bila kuoza vizuri. Niliona picha mbili, moja nyekundu kama divai nyingine kijani kibichi, nikasema hizi spishi mbili hizi, kumbe zote Sphagnum medium, tofauti moja iliota juani nyingine kivulini basi!

Na maji ndo balaa zaidi. Sphagnum cuspidatum ikizama inarefuka na kulegea, ukiitoa inaning'inia kama kuku aliyenyeshewa. Sasa utajuaje kipi ni jeni kipi ni mazingira? Unachukua za sehemu mbili, unaziotesha pamoja, mwanga uleule maji yaleyale, unasubiri machipukizi mapya (ya zamani bado yana umbo la kule yalikotoka), tofauti itakayobaki hapo ndo ya kuzaliwa nayo.

Kilichonimaliza ni hiki, sisi tuna seti mbili za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) kwa hiyo jeni mbovu inaweza kujificha nyuma ya nzima, ila mosi ile unayoishika mkononi kwa spishi nyingi ina seti moja tu, kromosomu 19, kila jeni iko uchi. Halafu kuna zinazojirutubisha zenyewe, mmea uleule dume na jike, mtoto anatoka kopi kamili ya mzazi.

Kinyume cha zile picha mbili pia kipo, spishi kadhaa zinaonekana kama moja. Miaka mingi watu waliita Sphagnum magellanicum kuanzia Chile mpaka Skandinavia, ikaonekana kama moja tu inayobadilika-badilika, wakaangalia DNA, 2018 jina hilo likaachiwa za Amerika Kusini na za kaskazini zikawa S. divinum na S. medium. Yaani macho yanakosea pande zote mbili, inakera kweli.

Na usidhani mazingira yanakaa tu pembeni. Sphagnum fuscum inaota imebanana, inavuta maji juu kama utambi, inaoza polepole mno, mwisho inajijengea kichuguu chake na kuyatia maji asidi, wageni wengi wanashindwa. Yaani jeni zake ndo zimetengeneza hayo mazingira tunayosema yanaibadilisha, na machipukizi yake yanakuja kuota juu ya kichuguu hichohicho.