Kadi ya diski ya seva ya Mangi, na rangi ya kucha

Wiki mbili zilizopita Mangi mmoja wa spea za magari pale Ngarenaro, Arusha, kanipigia saa moja asubuhi, "fundi, mashine inalia tii tii halafu haiwaki". Nikajua tu ni ile kadi ya diski, yaani ile inayounganisha diski na seva yake. Umeme usiku ule ulikata ukarudi kama mara nne hivi, na kadi yenyewe ilikuwa ya chipu ya SAS1068E, kizee, hata diski ya zaidi ya TB 2 haiisomi vizuri.

Sasa tatizo sio kadi, tatizo ni Debian 7, ile Linux ya zamani iliyo kwenye seva yake. Najua mtu atasema si uweke mpya, jamani, programu yake ya stoo iliandikwa na kijana ambaye hapatikani tena, na leseni iko kwenye kidude cha USB ambacho draiva yake ilitengenezwa kwa keneli (kiini cha Linux) 3.2 tu, ile ya Debian 7. Nikibadili keneli, hata ile 3.16 ya backports (programu mpya zilizotengenezwa ziingie kwenye Debian ya zamani), kidude kinakufa na Mangi hauzi hata plagi.

Nikaagiza kadi Dar, muuzaji kaniambia "hii ndo mpya kabisa, Linux inakubali zote". Ikaja na basi, nikaichomeka, lspci (amri ya kuorodhesha kadi zilizochomekwa) inaiona vizuri kabisa ila diski hakuna hata moja. Ndo nikaangalia chipu: SAS3008. Hiyo inataka draiva ya mpt3sas, ambayo iliingia kwenye keneli 3.8 mwaka 2013, wakati 3.2 ni ya Januari 2012. Kwa hiyo lspci kuiona kadi haimaanishi kitu, inasoma tu namba iliyoandikwa kwenye kadi, kuiendesha ni habari nyingine. Nimefanya kazi hizi miaka yote na bado nilinunua kwa kuangalia jina la boksi, aibu tupu.

Safari hii nikamuuliza muuzaji mwingine swali moja tu: chipu gani? Nilikuwa nataka SAS2008, maana draiva yake mpt2sas imo kwenye 3.2 tayari. Nikapata Dell H310 iliyotumika, ya kwenye seva zilizong'olewa. Ikiwa kama ilivyotoka kiwandani lspci -nn inaionyesha kwa namba 1000:0073 na inajifanya kadi ya RAID (ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), mimi sitaki hiyo, RAID yangu iko kwenye mdadm, programu ya Linux yenyewe, nataka kadi inipe diski zenyewe basi. Nikaiflashi firmware (programu ya ndani ya kadi) ya IT, ile inayopitisha diski bila RAID, kwenye kompyuta nyingine (andika kwanza namba ya SAS iliyo kwenye stika, ile inayoanza na 5, maana ukifuta inaondoka nayo) ikarudi 1000:0072. Safi.

Naipeleka kwa Mangi, nawasha, kioo cheusi. Bios yenyewe haitokei. Natoa kadi, inawaka. Narudisha, cheusi. Mangi kasimama nyuma yangu na kikombe cha chai hasemi kitu, na hiyo ndo mbaya zaidi.

Baadaye nikakumbuka, kadi hizi za Dell kwenye madabodi za kawaida zinagombana kupitia pini B5 na B6. Unahesabu upande wenye chipu, kuanzia kwenye kile kibati cha nyuma, ya tano na ya sita, unazifunika. Selotepu ilikuwa inakunjika nikiingiza, nikamwomba dada wa kaunta rangi ya kucha, nyekundu, nikapaka matone mawili kwa njiti ya kiberiti tukasubiri ikauke. Ikawaka!

Waya nao, dah. Ule wenye plagi moja ya SFF-8087 upande mmoja na plagi nne za SATA upande mwingine upo wa aina mbili, kwa macho ni kitu kimoja, ila mmoja ni wa kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski na mwingine ni wa kinyume chake. Wa kwanza niliokuwa nao ulikuwa wa kinyume. Nikarudi nyumbani Sakina kuchukua mwingine.

Saa kumi jioni nafungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID: [4/4] [UUUU], diski zote nne ziko hai. Mangi kauliza, "hizo U ndo nini?" Nikamwambia ndo risiti zako za miaka tisa. Sasa hivi kadi inachemka mpaka huigusi, maana ilizoea upepo wa seva, nimeifungia feni ndogo kwa tairapu, keshokutwa napita kuangalia.