Siku ya mwanafunzi wa biashara: Chwaka asubuhi, Darajani jioni

Saa 11:30 alfajiri. Nikishasali silali tena, maana nikilala ndiyo basi. Chai ya rangi na kipande cha mkate wa jana, nikatoka. Nasoma shahada ya uongozi wa biashara SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mwaka wa pili, na kampasi yetu iko Chwaka, pale palipokuwa Chuo cha Uongozi wa Fedha. Kwa sisi tunaokaa mjini, kila siku ni kuvuka kisiwa kutoka magharibi hadi mashariki.

Saa 12:20. Gari ya 206, njia ya Mwera na Dunga. Nimepata kiti, na hilo si jambo dogo.

Saa 2:00. Usimamizi wa fedha, mada ni mtaji wa uendeshaji, yaani pesa ya kuzungusha biashara siku hadi siku. Mfano wa kitabuni ni kiwanda cha magari. Kila mara ni kiwanda cha magari, na hapa Unguja hatuna hata kimoja. Nikaweka pembeni kiwanda, nikaweka duka la kanga la mama mdogo wangu, Darajani. Kanuni ya kujua wateja wanachukua siku ngapi kulipa ni nyepesi: chukua deni lililoko kwa wateja, gawanya kwa mauzo ya mkopo ya mwezi, zidisha kwa siku 30. Yeye anakopesha kama 3,600,000 kwa mwezi, na mkononi mwa watu kuna 4,200,000. Jibu: siku 35. Tajiri wake wa Kariakoo anampa mzigo kwa mali kauli, yaani achukue kwanza alipe baadaye, alipe ndani ya siku 21. Wiki mbili nzima hizo analipa kwa pesa ambayo bado imo mifukoni mwa watu! Ndiyo maana faida anaiona daftarini na sanduku halina kitu.

Mwalimu akataja mkopo wa muda mfupi wa benki. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono: na asiyetaka riba? Tukaingia kwenye murabaha: benki inanunua mzigo, inakuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Hapo PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, ikatajwa, maana ina huduma za Kiislamu. Mjadala ulikuwa mtamu, lakini kwa maoni yangu murabaha itamletea mama mdogo korija nyingine za kanga tu. Wadaiwa wake watabaki wale wale, na siku zao zile zile.

Saa 5:00. Kazi ya kundi: mpango wa biashara ya sabuni ya mwani. Tuko watano, wanaofanya kazi watatu, mmoja anajibu "sawa" kwenye simu, na wa tano tutamwona siku ya kuwasilisha, amevaa tai.

Adhuhuri, wali na samaki, gari.

Saa 10:15. Darajani. "Shikamoo mama." "Marahaba, vua viatu upange hizo doti." Wateja wakipungua nalifungua daftari la madeni. Hamna majina kamili humo: Mama Pacha wa Kikwajuni, Bi Mkubwa wa mkoba mwekundu, Mwalimu. Tarehe ya kuchukua ipo kwa baadhi, tarehe ya kulipa haipo kabisa, palipoandikwa ni "mshahara ukitoka". Aliyelipa nusu amechorwa mstari mmoja, aliyemaliza miwili. Nikachukua kalamu nikaongeza safu ya tarehe ya ahadi, kisha nikamweleza zile siku 35.

"Mwanangu, kwani mimi sijui kama wananichelewesha?"

"Unajua, mama, ila hujui ni nani hasa."

Tukahesabu pamoja. Zaidi ya nusu ya deni lote imekaa kwa watu sita, na wote sita ni wa harusi: walichukua sare za ukoo mzima, harusi ikaisha, wakapotea. Wa mshahara, tuliokuwa tukiwalaumu, wanalipa vizuri tu. Nikamwambia sare za harusi atake nusu mbele. Akasema ndugu wa bibi arusi watanuna. Nikasema wanune wakiwa wameshalipa nusu. Hapo akacheka.

Saa 1:30 usiku, tumefunga. Akanikabidhi karatasi yenye majina sita.

"Basi kesho ukitoka chuo pitia kwao unidaie. Si ndiyo unayosomea?"

Jina la tatu ni la mwalimu wangu wa hesabu wa skuli ya msingi.